Daftari la Arobaini na Moja

Profesa alikuwa anakula yai la kuchemsha Inspekta alipoingia, na hakuacha kula. Kiini kilimchuruzika kidevuni. Akakipangusa kwa mkono wa sweta iliyotundikwa kwenye kiti cha pembeni. Sweta haikuwa yake. Ilikuwa ya karani wake, na karani alikuwa mochari tangu jana jioni.

Inspekta aliitazama ile alama ya njano kwenye sufi.

"Pole na msiba, Profesa."

"Asante, mwanangu. Msiba ni wangu kweli. Kitabu kimebakiza sura moja tu, sasa nani ataniandikia?"

Nyuma ya Inspekta aliingia Koplo, mtu mzima aliyemzidi mwanamke huyo, bosi wake, miaka kumi na kilo thelathini. Kituo kizima kilimwita Kiporo, kwa sababu ya kopo la chakula cha jana alilotembea nalo mfukoni popote alipotumwa. Alivuta hewa ya chumba mara moja, akatafuta dirisha kwa macho. Lilikuwepo, limefungwa, na kwenye kingo zake palikuwa pamebandikwa vitambaa ili sauti ya nje isipenye.

Wangeweza kutokuja kabisa. Daktari alikuwa ameshaandika: pumu, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Mkubwa wa kituo alitaka jalada lifungwe leo leo, maana Profesa ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini asubuhi ile binti wa karani, fundi cherehani, alikuja akasimama mbele ya meza ya Inspekta na mfuko wa nailoni mkononi.

"Mochari wamenipa viatu, miwani na mkanda," alisema. "Pampu yake ya pumu haimo. Baba huivaa shingoni kwa kamba ya kijani niliyoisuka mimi. Anaoga nayo. Analala nayo. Profesa ananiambia baba alikuwa mzembe, kaisahau mahali. Na kesho saa nne, tukizika, Profesa ndiye atakayezungumza kaburini. Afande, kama baba kafa kwa uzembe wake, basi nitamlilia mzembe wangu. Lakini nijue."

Hilo tu ndilo lililowaleta.

"Tueleze ya jana," Inspekta alisema.

"Mafupi. Mpishi alitoka saa saba kwenda sokoni. Mimi nikaenda kulala. Karani akabaki hapa kupanga karatasi. Hatukuandika hata neno, nilikuwa nimechoka. Niliamka saa kumi, nikaita, kimya. Nikaja na fimbo yangu. Fimbo ikagusa mguu." Macho ya Profesa yalikuwa meupe kama maziwa yaliyoganda, aliona mwanga na giza, basi. Chozi likamtoka, zuri, la duara, likaungana na kiini cha yai. "Miaka kumi na moja, mwanangu. Alikuwa kama wale wa masimulizi ya kale."

"Wepi hao?"

"Kitabu changu chote ni juu yao. Mfuasi mwaminifu! Kila simulizi kubwa lina watu wawili. Shujaa anatazama nyota, mwenzake anatazama pa kukanyaga. Bila huyo wa pili, shujaa angetumbukia shimoni ukurasa wa kwanza."

"Na mzigo anabeba nani?" Koplo aliuliza.

"Mfuasi, bila shaka."

"Nilijua," alisema Koplo, akaenda kuinama kwenye meza ya karani.

Ilikuwa meza ndogo, iliyosukumwa kwenye kona isiyo na taa. Karani hakuwa kipofu, ila aliandika kama anayeandikia pangoni. Rafu ilikuwa na madaftari yamepangwa, kila moja limeandikwa namba mgongoni. Kando palikuwa na kopo la bati lenye penseli. Koplo hakuzigusa. Alizihesabu kwa kidole hewani.

"Pampu ya marehemu iko wapi, Profesa?" Inspekta aliuliza.

"Mimi kipofu, nitajuaje? Yule alikuwa msahaulifu."

Inspekta akaenda jikoni. Mpishi, mwanamke mkavu mwenye mikono iliyopauka kwa sabuni, alikuwa anasugua sufuria ambayo tayari inang'aa. Kiunoni kwake ilining'inia kamba ya kijani.

Inspekta akaikamata. "Hii umeitoa wapi?"

Mpishi alibadilika rangi kama majivu. Akaivuta yote ikatoka: kipande cha kamba ya plastiki ya kuanikia nguo, mwisho wake ufunguo wa stoo. Haikusukwa na mtu, ilitoka kiwandani. Inspekta akaiachia.

"Samahani, mama. Marehemu alikuwa anaweka wapi vitu vyake?"

"Vitu gani, afande? Hapa nyumbani vyake ni penseli tu. Nane. Kila alfajiri anazichonga kwa wembe hapo uani, zinasimama kwenye kopo kama mikuki. Ya kwanza ikiwa butu anaigeuza kichwa chini, anachukua nyingine. Kuchonga katikati ya kazi ni mwiko, Profesa hataki ile sauti."

"Sauti nyingine je?"

"Hataki yoyote. Kiti kikilia, balaa. Ukipiga chafya, balaa. Na ile pampu ya marehemu, fyuu fyuu, alikuwa anasema ni kama..." Akarudi kwenye sufuria.

"Ni kama nini?"

"Kama mtu anayetapika. Mimi sijasema kitu, afande."

Inspekta alipotoka jikoni, alimkuta Koplo kapiga magoti, shavu limelala sakafuni, mkono umepotelea chini ya kabati la vitabu. Profesa alikuwa anachokoa meno kwa kona ya bahasha.

"Kitendawili," Koplo alisema kutoka sakafuni.

"Koplo, sasa hivi?"

"Sasa hivi ndipo pake, afande."

Inspekta akashusha pumzi. "Tega."

"Ninaye mtumishi: nikimchonga anafupika, nikimtuma anafupika, na hajawahi kulalamika."

"Penseli."

"Nimekupa mji bure." Mkono ukatoka na penseli yenye vumbi, butu kama kidole gumba. "Kwenye kopo zimo saba, zote kichwa chini. Hii ya nane ilikuwa imebingirika huku. Zilichongwa jana alfajiri, leo hakuna wa kuzichonga. Huyu mtumishi jana alitumwa sana, afande. Kwa watu ambao hawakuandika hata neno."

"Labda alikuwa anaandika yake," alisema Profesa upesi. "Barua. Watu hawa wana barua nyingi."

"Penseli nane za barua?" Koplo alijipangusa magoti. "Huyo aliyeandikiwa angehitaji mkokoteni."

Inspekta alikuwa kwenye rafu. Kidole chake kilipita migongoni: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Baada ya arobaini palikuwa na nafasi ya daftari moja, isiyo na vumbi.

"La arobaini na moja liko wapi?"

Profesa akageuza uso ukutani. Kutoka jikoni, sufuria ikaacha kusuguliwa.

"Nimelipeleka kwa mpigachapa asubuhi," mpishi alisema mlangoni. "Profesa alinituma hata kabla ya chai. Alisema lisichelewe."

"Mwili wa mtu haujalala hata siku, daftari limekimbizwa chapani. Hukushangaa?"

"Mimi hutumwa, afande. Kushangaa ni kazi ya wenye nafasi."

*

Mpigachapa alikaa mtaa wa pili, ghorofani, juu ya fundi viatu. Harufu ya gundi ilipanda ngazi pamoja nao. Alikuwa mwanamke nadhifu, kucha ndefu zilizopakwa rangi, peremende shavuni. Kwenye taipureta palikuwa na karatasi nusu iliyojaa, na pembeni yake daftari lenye namba arobaini na moja.

"Haya, mmekuja pabaya, nina kazi ya haraka," alisema. "Profesa anataka aya ya kusoma mazishini."

"Hiyo ndiyo tumekuja kuiona," alisema Inspekta. "Tueleze unavyofanya kazi."

"Rahisi, dada. Zamani Profesa alikuwa na karani mwingine, wakagombana: ulisema, sikusema, ulisema, sikusema. Akamfukuza. Huyu marehemu alipokuja alipewa amri moja: kila neno linalotamkwa chumbani liandikwe. Liwe la kitabu, liwe la matusi. La Profesa anaanza na P, la kwake anaanza na K. Yule bwana alikuwa anatii mpaka unacheka! Kuna daftari kaandika, 'P. Wewe ni punda. K. Ndiyo, Profesa.'" Akacheka, peremende ikagonga meno. "Mimi kazi yangu ni kuchuja. Yasiyo ya kitabu nayakata kwa penseli nyekundu, yaliyobaki napiga chapa. Profesa hajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa hayo madaftari. Ataonaje?"

"La jana umeshalichuja?"

"Limebaki ukurasa wa mwisho tu."

Inspekta alilichukua daftari, akampa Koplo. "Soma. Kwa sauti."

Koplo alivaa miwani. Alikuwa msomaji wa kidole. Alifuata kila neno kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"P. Mfuasi katika masimulizi ya kale ni mtu wa ardhini. Bwana wake akiona jitu, yeye huona kilima chenye mbuzi. K. Profesa, kifua kinanibana. Naomba pampu." Koplo akainua kidole. "Huu wa K umekatwa kwa nyekundu, afande."

"Endelea."

"P. Utavuta tukimaliza aya. Andika. Mfuasi hana falsafa ila tumbo lake, wala hana dira ila mgongo wa bwana wake. K. Profesa, droo. P. Usinikatize! Pampu inakaa drooni mpaka kazi iishe, ndiyo sheria, mlio wake unanitia kichefuchefu. Tulikuwa wapi? K. Mgongo wa bwana wake. P. Ndiyo. Na uzuri wake mkuu ni kwamba haombi kitu. K. Naomba. P. Haombi kitu, kwa kuwa kuomba ni kujikumbuka, na yeye amejisahau. Hapo ndipo utukufu wake ulipo."

Kidole cha Koplo kilianza kwenda polepole. Mwandiko, uliokuwa umenyooka kama mshono wa fundi, ulikuwa umeanza kupanda na kushuka. Herufi zilikua kubwa. Neno moja lilichukua mstari mzima.

"K. K. K." Alisoma. "Hapa hamna maneno, afande. Ni hiyo herufi tu, halafu patupu. Ameandika kwamba amesema, lakini hajasema. Au hakuweza."

"Na mwisho?"

Koplo aligeuza ukurasa.

"P. Mbona huandiki."

"Nani kaandika hilo?"

"Yeye. Ni mkono wake huo huo. Kaandika hata hilo." Koplo alivua miwani. Alilitoa lile kopo lake la chakula mfukoni, akalitazama, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha kama kitu alichookota njiani.

Inspekta alifungua dirisha, akatoa kichwa nje, akavuta harufu ya gundi na moshi kama mtu anayekunywa maji.

"Funga tafadhali, vumbi linaingia kwenye mashine," alisema mpigachapa.

Inspekta aligeuka. "Hii mistari myekundu umeichora wewe. Leo asubuhi."

"Mimi, ndiyo."

"Ulijua mtu huyu jana amekufa?"

"Mpishi aliniambia. Nilisikitika sana, jamani, alikuwa mpole."

"Ukasoma anaomba dawa. Ukakata."

"Dada, mimi sisomi, nachuja. Hayo si ya kitabu." Aliigeuza peremende shavu la pili. "Lakini aya yenyewe imetoka vizuri, siyo? Pale pa 'kuomba ni kujikumbuka.' Mtanirudishia daftari saa ngapi?"

Inspekta alichomoa karatasi kwenye taipureta, akaikunja pamoja na zile nne zilizokwisha, safi, zisizo na K hata moja. Alipofika chini aliomba maji kwa fundi viatu, akanawa mikono mpaka kwenye kiwiko.

"Kuna mahali anasema mfuasi haombi kitu," Koplo alisema njiani. "Mimi nimeomba kiti cha kukalia tangu mwaka juzi, bado nakalia sanduku."

"Nikumbushe kesho."

"Nilikukumbusha juzi, afande."

Inspekta alisimama. Akatoa kitabu chake kidogo, akaandika: kiti. Ndipo wakaendelea.

*

"Ufunguo wa droo, Profesa."

"Droo ina mambo yangu binafsi."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, ndani ya shati, umeng'aa kwa jasho. Koplo aliuvua kwa vidole viwili. Droo ilipofunguka, harufu ilitoka kwanza: leso zilizokauka zikawa ngumu kama biskuti, kiberiti kilichojaa kucha zilizokatwa, ganda la yai. Katikati yake ilikuwepo pampu, na kamba ya kijani, iliyosukwa kwa mkono, imezungushwa vizuri, kama iliyovuliwa na mwenyewe kwa adabu.

Inspekta aliifunga kwenye bahasha. "Hukulala saa saba. Mliandika."

"Kidogo."

"Penseli nane. Aliomba dawa, ukamnyima. Ufunguo ulikuwa shingoni kwako na pampu iko hatua mbili kutoka kwake."

"Hakusema anakufa!" Profesa alipiga fimbo sakafuni. "Angesema! Mimi sioni, naongozwa na masikio. Penseli ilikuwa inakwenda. Naisikia, krr, krr. Mtu anayekufa haandiki, mwanangu. Nani anakufa huku anaandika?"

"Ilipoacha kwenda?"

"Nilidhani kasinzia. Nikamfokea."

"Kisha?"

"Kimya. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Ndiyo nikaenda kulala."

"Saa ngapi?"

"Nilipapasa mishale ya saa yangu: nane."

Koplo alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi alikokuwa akiandika maelezo. Inspekta alikuwa ameshafika pale pale.

"Daktari anasema alikufa baada ya saa tisa," alisema. "Ulimpita yuko hai. Saa nzima. Ulimpita ukaenda kulala, na ufunguo shingoni."

Profesa alifungua mdomo. Ute ulijivuta kati ya mdomo wa juu na wa chini kama uzi, ukakatika.

"Aya imesomeka?" aliuliza. "Ile ya mwisho? Mpigachapa ameielewa? Ile ndiyo sauti ya kitabu kizima. Ningeweza kuchoma daftari, unaona? Sikuchoma. Nilijua kuna hatari, sikuchoma. Ukweli wa kazi unaheshimiwa. Kesho nitaisoma kaburini, kwa heshima yake."

Inspekta aliitia mfukoni bahasha yenye pampu.

"Kesho utakuwa kwetu. Simama, twende."

Profesa alinyoosha miguu yote miwili mbele, vidole vimeelekezwa juu, akangoja. Alingoja kama mtu ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kungoja kwa muda mrefu.

"Viatu," alisema.

Hakuna aliyesogea. Mpishi, mlangoni, aliangalia kando.

"Nani atanivisha?"

"Viko mbele yako, mzee," alisema Koplo. "Papasa."

*

Binti alikuwa kwenye benchi la kituo tangu saa nne. Inspekta alimwita ndani, akaweka juu ya meza bahasha yenye pampu.

"Alinyang'anywa. Baba yako hakuwa mzembe. Profesa yuko mahabusu, na mkubwa wangu amefoka, lakini jalada halifungwi. Kesho atazungumza utakayemtaka wewe."

"Nitazungumza mwenyewe." Binti aligusa bahasha kwa ncha ya kidole. "Alikuwa peke yake?"

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitazama sakafu.

"Hapana," alisema Inspekta. "Yote yameandikwa. Si lazima usome."

"Mwandiko wa nani?"

"Wake."

Binti alivuta daftari. Alisoma bila kuharakisha, na alipofika mahali herufi zinapokua kubwa alikunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Alifika mwisho. Hakulia. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akarudi mwingine, kidole chake kikifuata ile rangi.

"Huyu anayemkata baba na penseli nyekundu ni nani?"

"Mpigachapa."

"Alijua baba amekufa?"

"Alijua."

"Akasoma, akakata."

"Ndiyo."

Binti alifunga daftari, akalisukuma kuvuka meza.

"Basi kwenye jalada lako waandike wawili."

"Mwanangu, sheria haina kifungu cha kuchuja."

"Sijakuomba kifungu, afande. Nimesema waandike."

Kabla Inspekta hajasema neno, Koplo alikuwa ameshageuza jalada upande wake na kufungua kalamu.

"Jina lake nani huyo mama?" aliuliza. "Lile kamili."